Maktaba za Programu Huria: Zimeiva au Bado?

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa waliosoma hapa, mbele ya walimu na wanafunzi wa sasa. Inachapishwa kwa ombi la wajumbe.)



Kamati imenipa kazi ngumu kidogo kuliko ile ya kusimulia habari za zamani, na kwa kweli naishukuru. Kama wengi wenu mnavyojua, vijana wa Klabu ya Kompyuta wameandika programu ya kutunza alama za mitihani na hesabu za ada. Nimeiona ikifanya kazi, na ni nzuri. Mwalimu Mkuu angependa ianze kutumika. Mhasibu wa shule anasita. Na Kamati yetu, iliyoombwa kununua kompyuta mbili za kuiendeshea, inataka kujua jambo moja kabla haijatoa fedha za wanachama. Vijana wenyewe walisema wazi, nami nawasifu kwa uwazi huo, kwamba sehemu kubwa ya programu hiyo hawakuiandika wao. Waliichukua bure katika intaneti. Ndipo mzee mmoja akauliza kikaoni: "Kitu cha bure, kilichoandikwa na mtu tusiyemjua, ndicho tukikabidhi ada za watoto wa watu?"

Swali hilo ni la haki kabisa, na wako wataalamu wa kompyuta wanaolikwepa. Nitajitahidi nisilikwepe.

Kwanza niwaeleze wale ambao kazi hii si yao. Mtu anapoandika programu leo haanzi na ardhi tupu. Seremala anayetengeneza mlango hafui bawaba wala hatengenezi misumari. Anavinunua dukani, kisha anavipigilia mahali pake. Katika programu, bawaba na misumari hiyo huitwa maktaba. Maktaba ni fungu la maagizo ya kompyuta lililoandikwa tayari na mtu mwingine kwa ajili ya kazi fulani: kupanga tarehe, kuchora jedwali, kuficha maneno ya siri, kuchapa stakabadhi. Ikiwa mwenyewe ameyaweka maagizo hayo hadharani, akaruhusu kila mtu kuyasoma, kuyatumia na kuyabadili, basi maktaba hiyo ni huria. Na maktaba moja mara nyingi hutegemea nyingine, nayo hiyo nyingine zake, hata kijana aliyechagua kumi akajikuta amebeba mamia. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Hapa yafaa tuulize vimeundwa na nani.

Wala msidhani kwamba cha bure maana yake ni dhaifu. Simu za mkononi za Android zilizomo mifukoni mwenu zinaendeshwa juu ya Linux, ambayo ni huria. Takwimu za hospitali na zahanati za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hukusanywa kwa mfumo uitwao DHIS2, ambao mizizi yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990 na unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliusimika nchi nzima mwaka 2011. Huko Eldoret, rekodi za wagonjwa wa UKIMWI zilianza kutunzwa mwaka 2006 kwa programu ya OpenMRS, nayo ni huria. Kwa hiyo hoja ya kwamba vitu hivi havifai kazi za kweli imekwisha kujibiwa na kazi zenyewe.

Lakini tofauti yetu na seremala iko hapa. Bawaba ikivunjika, seremala anarudi dukani na kumkabili mwenye duka. Maktaba huria huja na leseni, na leseni nyingi, kama ile iitwayo MIT ambayo vijana wetu wameikuta mara nyingi, husema kwa lugha ya kisheria kwamba kitu hiki kinatolewa kama kilivyo, bila dhamana ya namna yoyote, na mwandishi hatadaiwa hasara itakayotokea. Watu hulipita tamko hilo bila kulisoma. Mimi naliona kuwa sehemu ya uungwana kuliko zote katika biashara nzima ya kompyuta, maana linamwambia mtumiaji ukweli: mimi nimetoa, wewe umechukua, kupima ni juu yako. Hakuna ofisi iliyokwisha kupiga muhuri wa "imeiva" kwa niaba yetu. Anayeiingiza katika kazi ndiye mdhamini wake.

Sasa, kuiva kwa kazi gani? Hapo ndipo wengi hukosea njia. Wanauliza kama maktaba ni nzuri, kana kwamba uzuri ni kitu kimoja kinachokaa ndani yake popote iendapo. Niruhusuni nitoe mfano ambao si wa programu huria, lakini sijaona unaofundisha jambo hili vizuri zaidi.

Tarehe 4 Juni 1996, huko Kourou katika Guyana ya Ufaransa, nchi za Ulaya zilirusha kwa mara ya kwanza roketi yao mpya, Ariane 5. Yapata sekunde 40 tangu safari ianze, roketi iliacha njia yake, ikavunjika na kulipuka pamoja na satelaiti nne ilizobeba. Tume iliyochunguza, chini ya mwanahisabati Jacques-Louis Lions, iligundua kwamba chanzo kilikuwa kipande cha programu kilichotoka katika roketi ya zamani, Ariane 4. Kipande hicho hakikuwa kibovu. Kilikuwa kimefanya kazi miaka mingi katika Ariane 4 bila lawama. Lakini kilikuwa na mahali kinapohamisha namba kubwa na kuiweka katika nafasi ndogo, nafasi ambayo haiwezi kubeba namba inayozidi 32,767. Katika Ariane 4 namba hiyo, iliyohusiana na mwendo wa kwenda pembeni, haikuweza kufika huko. Ariane 5 ilikuwa na njia tofauti, na mwendo wake wa kwenda pembeni uliongezeka upesi zaidi. Namba ikafurika. Kompyuta ikazima. Palikuwa na kompyuta ya akiba, nayo ilikuwa na programu ile ile, kwa hiyo ilikuwa imekwisha kuzima kwa sababu ile ile.

Jambo linalonisikitisha zaidi katika ripoti ya tume ni kwamba kazi ya kipande kile haikuwa na maana yoyote kwa Ariane 5 baada ya roketi kuondoka chini. Kiliachwa kikiendelea kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa zamani. Na hakuna aliyekijaribu kwa takwimu za njia ya Ariane 5 kabla ya siku ile. Kilihukumiwa kwa sifa zake za nyumbani kwao.

Vijana, shikeni hilo mnapoona maktaba yenye sifa nyingi. Imesifiwa wapi, na kwa data ya nani? Maktaba nyingi mnazochukua ziliandikwa na watu wa Marekani au Ulaya wakiwafikiria majirani zao. Hawakufanya kosa; walitatua shida yao. Lakini daftari la shule hii lina mambo yake. Lina wanafunzi waitwao Ng'ang'a na Ng'wanakilala, na ile alama ndogo iliyo baada ya herufi g ni alama ambayo katika lugha nyingi za kompyuta hufunga maneno. Maktaba isiyoandikwa kwa uangalifu itaikuta alama hiyo, idhani sentensi imekwisha, na kumkataa mtoto au, vibaya zaidi, kuharibu orodha. Isitoshe, alama hiyo ina sura mbili kwenye kompyuta, iliyonyooka na iliyopinda; karani mmoja akiandika hii na mwingine ile, mashine itaona Ng'ang'a wawili, mmoja amelipa ada na mwingine anadaiwa. Namba ya simu ya mzazi huanza na sifuri. Maktaba inayoichukua kama hesabu ya kawaida itaifuta sifuri hiyo. Tarehe 03/04 kwetu ni tarehe tatu Aprili, na kwa Mmarekani ni tarehe nne Machi. Mzazi aliyelipa mapema ataandikiwa kuwa amechelewa, au kinyume chake.

Na fedha. Ziko maktaba zinazodhani kila sarafu ina senti mia moja ndani yake. Katika orodha ya kimataifa ya sarafu, shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na faranga ya Burundi zimeandikwa kuwa hazina senti kabisa. Maktaba isiyojua hilo inaweza kukuza au kupunguza kiasi mara mia moja. Ninyi leo mnashika shilingi ya Tanzania tu, lakini baadhi yenu mtafanya kazi katika biashara za mipakani, nanyi mtakutana nalo. Tena namba zenye desimali kompyuta huzitunza kwa namna ambayo sifuri nukta moja ukijumlisha na sifuri nukta mbili hupati sifuri nukta tatu kamili. Tofauti ni ndogo mno, lakini mhasibu hataki tofauti ndogo. Anataka hesabu ifungwe. Ada itunzwe kwa namba nzima.

Kwa hiyo jaribio la kwanza la maktaba yoyote ni data yetu wenyewe: majina ya orodha yetu yenye kasoro zake zote, na stakabadhi zetu za mwaka jana. Kazi hiyo huchukua siku mbili au tatu na haihitaji mtaalamu kutoka mbali. Nashangaa ni watu wangapi huiruka.

Sasa nageukia upande wa pili, ambao kwangu ndio mgumu: watu walio nyuma ya maktaba.

Iko maktaba iitwayo OpenSSL, inayolinda mawasiliano ya siri katika intaneti. Mnapoona kufuli dogo kwenye ukurasa wa benki, mara nyingi maktaba hiyo au ndugu zake ndio wanaofanya kazi. Katika toleo lililotoka Machi 2012 iliingia hitilafu moja. Kompyuta mbili zinazozungumza huulizana mara kwa mara kama bado zipo: moja hupeleka neno na kusema, "nirudishie neno hili, lina herufi kadhaa." Hitilafu ilikuwa kwamba mpokeaji hakuzihesabu herufi mwenyewe. Mtu akituma neno la herufi nne na kudai lina herufi elfu sitini, alirudishiwa lile neno pamoja na kila kilichokuwa jirani yake katika kumbukumbu ya mashine: maneno ya siri, funguo, barua za watu. Hitilafu hiyo, iliyopewa jina la Heartbleed, ilitangazwa tarehe 7 Aprili 2014, miaka miwili baadaye. Sehemu kubwa ya dunia ilikuwa inaitegemea maktaba hiyo, makampuni tajiri yakiwemo, na ilipoulizwa inatunzwa na nani, ilionekana kwamba aliyekuwa akiifanyia kazi siku zote ni mtu mmoja, na michango ya hiari ilikuwa yapata dola 2,000 kwa mwaka.

Husemwa kwamba programu huria ni salama kwa sababu kila mtu anaweza kuisoma. Kuweza kusoma si kusoma. Ninyi wanafunzi mnajua kwamba vitabu vyote vya maktaba ya shule mnaweza kuvisoma.

Basi wingi wa watumiaji si ushahidi wa utunzaji. Vijana wetu walinionyesha kwa furaha idadi ya nyota ambazo watu wameipa maktaba fulani, na mara ngapi imechukuliwa kwa juma. Nyota hutolewa kwa kubonyeza kidole. Na hesabu ya kuchukuliwa imejaa mashine zinazoichukua upya kila zinapoijenga programu ile ile, usiku na mchana. Mwaka 2016, mwezi Machi, mtu mmoja aliyegombana na wasimamizi wa ghala kubwa la maktaba za JavaScript juu ya jina aliondoa kazi zake zote humo. Mojawapo iliitwa left-pad. Ilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ni kuongeza nafasi upande wa kushoto wa neno. Maelfu ya programu zilikuwa zinaitegemea, nyingi bila wenyewe kujua, na siku hiyo zikashindwa kujengwa mpaka ghala lilipoirudisha kwa nguvu. Mistari kumi na moja! Kijana wa Kidato cha Pili angeiandika kabla ya kengele ya chakula.

Kisa cha mwisho cha namna hii kilifichuka mwaka 2024, na nakisimulia kwa urefu kwa sababu nataka vijana wakijue. Iko maktaba ya kubana mafaili iitwayo xz. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, bila mshahara, baada ya shughuli zake nyingine. Kuanzia mwaka 2021 alijitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kuleta masahihisho mazuri. Majina mengine yakajitokeza yakimlalamikia mtunzaji kwamba anachelewa, kwamba ampe mtu mwingine nafasi. Taratibu yule mgeni akaaminiwa, akapewa ruhusa ya kutoa matoleo. Mapema mwaka 2024 yalitoka matoleo 5.6.0 na 5.6.1, nayo yalikuwa na mlango wa siri ambao ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuingia katika seva za watu duniani. Mlango huo haukuonekana waziwazi katika maagizo yaliyowekwa hadharani. Hatua ya kuuamsha ilitiwa katika furushi la toleo pekee, lile ambalo watu hulichukua na kulisimika bila kulifungua.

Uligunduliwa na Andres Freund, mtengenezaji wa programu aliyekuwa akipima mambo mengine kabisa. Aliona kwamba kuingia katika mashine yake kumechelewa kwa nusu sekunde hivi, na kwamba mashine inatumia nguvu isiyo na maelezo. Wengi wetu tungesema kompyuta imechoka. Yeye alifuatilia mpaka mwisho, na tarehe 29 Machi 2024 akaiarifu dunia. Matoleo yale yalikuwa hayajasambaa sana. Kama angepuuza nusu sekunde ile, leo ningekuwa na hotuba nyingine.

Je, tuogope, tuache? Hapana. Katika programu inayouzwa kwa siri, Freund asingeweza kufungua na kuangalia ndani. Ninachotaka mkione ni kwamba maswali yafaayo kuulizwa kuhusu maktaba yanafanana na yale mzee angeuliza kuhusu ukoo kabla ya posa. Nani anaitunza, na wako wangapi? Mtu akileta taarifa ya hitilafu, anajibiwaje, na baada ya muda gani? Ukisoma majibizano ya mwaka mmoja utaijua tabia ya watu hao kuliko ukisoma matangazo yao. Wakibadili kitu, wanaandika walichobadili? Wana majaribio yanayojiendesha yenyewe, na je, yanapita?

Namba ya toleo nayo ina lugha yake. Kwa desturi ya wengi, toleo linaloanza na sifuri linasema: bado tunajenga, lolote laweza kubadilika kesho. Toleo la 1.0 ni ahadi kwamba milango haitahamishwa ovyo. Lakini msiifanye sheria ya chuma. Maktaba ya takwimu iitwayo pandas ilianza mwaka 2008 na ikakaa katika namba za sifuri hadi Januari 2020, hali imekwisha kutumika katika mabenki na vyuo. Na kinyume chake wapo wanaojiandikia 1.0 siku ya kwanza, kama mtu anayejivika joho kabla ya mtihani. Wala maktaba isiyobadilika kwa miaka miwili si lazima imekufa. Huenda imemaliza kazi yake. Tofauti utaijua kwa kuangalia kama barua zinajibiwa.

Ukitaka kuona kitu kilichoiva hasa, tazama SQLite, ghala dogo la data lililoanzishwa na Richard Hipp mwaka 2000. Vijana wetu wameitumia, na hapo walichagua vema. Imo karibu katika kila simu ya kisasa. Watunzaji wake ni wachache sana, tena hawapokei ovyo maagizo ya watu wa nje. Lakini maandishi ya majaribio yao yanazidi maandishi ya programu yenyewe kwa zaidi ya mara 500, na wametangaza nia ya kuitunza hadi mwaka 2050. Uchache wa watunzaji peke yake, mnaona, si kasoro. Kasoro ni uchache usio na mpango.

Jambo moja zaidi linatuhusu sisi wa pwani hii ya Afrika. Mwezi Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikawa ya shida Tanzania, Kenya na majirani. Ofisi ambayo programu yake huchukua maktaba kutoka ng'ambo kila inapojengwa ilikaa ikisubiri. Maktaba zote mnazotumia ziwe na nakala hapa shuleni, za matoleo yale yale mliyoyapima, na mashine iweze kujengwa upya bila intaneti. Hilo lingewaokoa na waya uliokatika, lingewaokoa na mtu wa left-pad, na lingewazuia kumeza toleo jipya asubuhi ya siku ya kwanza.

Sasa natoa hukumu niliyoombwa.

Sehemu ya alama za mitihani ianze kutumika muhula huu. Maktaba zake ni chache, zimetunzwa vizuri, na ikitokea kosa walimu wanazo karatasi zao za kusahihishia. Kosa litaonekana na kurekebishwa bila mtoto kuumia.

Sehemu ya ada haijaiva. Nasema hivyo mbele ya walioiandika, nao wamekwisha kunisikia nikisema faraghani. Ghala la data ni zuri. Maktaba ya kuficha maneno ya siri ni nzuri pia, na naomba pasitokee kijana hodari wa kutaka kuiandika upya mwenyewe. Hiyo ni kazi ambayo hata mabingwa hawaifanyi peke yao. Tatizo ni maktaba ya kuchapa stakabadhi. Iko katika toleo linaloanza na sifuri, ina mtunzaji mmoja, taarifa za hitilafu zimekaa bila majibu kwa zaidi ya mwaka, na tulipoipa majina yenye alama ya ng' ilichapa stakabadhi isiyo na jina. Stakabadhi isiyo na jina ni mgogoro kati ya mzazi na shule, na kwa uzoefu wa dunia anayerudishwa nyumbani katika mgogoro huo ni mtoto. Bahati nzuri ni ndogo. Yasomeka yote kwa siku moja. Vijana waisome mstari kwa mstari, warekebishe kasoro ya majina, na wampelekee mwenyewe masahihisho hayo, kwa kuwa tumekula kwake. Akikaa kimya, wabaki na nakala yao waitunze wenyewe. Kisha programu iendeshwe sambamba na daftari la mhasibu kwa muhula mzima, na mwisho wa muhula hesabu mbili zilinganishwe. Zikifungana, mhasibu mwenyewe, si mimi, aseme imeiva.

Na hapa, Ndugu Mwenyekiti, nina neno kwa Kamati. Maswali yote niliyowafundisha vijana kuwauliza watu wa mbali, niliyauliza pia juu ya programu yao. Inatunzwa na nani? Na vijana wawili. Aliyeandika sehemu ya ada yuko Kidato cha Sita na atafanya mtihani wake mwezi Mei, kisha ataondoka. Mwenzake anamfuata mwaka mmoja baadaye. Baada ya hapo shule itakuwa na programu isiyo na mtunzaji, inayoshika fedha. Kompyuta mbili mlizoombwa ni nafuu. Naunga mkono zinunuliwe. Lakini naomba fungu lile lile ligawanywe ili mwalimu mmoja alipwe posho ya kujifunza programu hiyo pamoja na vijana kabla ya Mei, na wawili kati yetu tunaofanya kazi hii tuandikishwe kwa majina kuwa wa kuitwa inapoharibika. Mimi niandikeni wa kwanza. Nafasi ya pili bado iko wazi, na ninawaona humu ukumbini watu wanne au watano wanaotazama sakafu.

Vijana wa Klabu, nitakuwa katika chumba cha kompyuta Jumamosi saa tatu asubuhi. Njooni na orodha ya majina ya Kidato cha Kwanza hadi cha Sita, na mumwombe mhasibu awaazime stakabadhi za mwaka jana. Tutaanza na akina Ng'ang'a.